Vidole Kumi vya Kijiji cha Tatu

Makole, Dodoma
3 Februari 2024

Shangazi Batuli,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako la kushoto limeacha ubishi. Sisi hapa Makole hatujambo. Baba anakusalimu sana. Bado anashinda dukani na vitambaa vyake, na bado kila mteja lazima aambiwe kwamba dada yake alikuwa mtendaji wa kijiji miaka kumi na tisa na hakuwahi kupoteza muhuri. Mwanangu Arafa ameanza darasa la kwanza. Anauliza kwa nini bibi wa Haneti hapigi simu kama mabibi wengine. Nimemwambia kwa bibi yake neno lisiloandikwa halijasemwa.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Unajua Jumuiya yetu ya Watafiti wa Siasa ina makundi tisa ya utafiti. Watu wa uchaguzi wana lao, wa vyama lao, wa mambo ya nje lao, na sisi kumi na wanne tuna letu, Kundi la Mikutano ya Vijiji. Uongozi mpya unataka yabaki matano. Letu lifutwe, sisi tumezwe na Kundi la Uchaguzi la Dakta Optatus. Unajua alisema nini mbele za watu? Eti mkutano wa kijiji si siasa, ni mtendaji na filimbi yake. Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini nisije nikamwagia mtu.

Mkutano mkuu wa Jumuiya ni tarehe 18 Mei hapa mjini. Nimepewa dakika ishirini za kulitetea kundi, na nitasimama na Kijiji cha Tatu. Ndilo jina nililokipa kile kijiji chako cha zamani kwenye makala, maana sisi hatutaji vijiji kwa majina yao. Makala ile ndiyo iliyolizaa kundi: mkutano wa Mei 2009, watu 387, asubuhi mpaka alasiri, wanajadili eneo la malisho, halafu kura 341 zinakubali apewe mgeni alime zabibu. Muhtasari ulinipa wewe mwenyewe. Sasa Optatus anasema watu wengi vile hawawezi kukaa mkutanoni kutwa nzima. Naliomba daftari la mahudhurio, lile lenye majina na alama za dole gumba. Nikiliweka mezani ataufyata.

Mtoto wako,
Shamimu


Haneti
17 Februari 2024

Shamimu mwanangu,

Kikao kimefunguliwa saa mbili asubuhi. Mjumbe ni mmoja na kuku wawili waalikwa.

Marahaba. Mimi mzima, goti ni goti tu. Alizeti ya bondeni imetoka vizuri. Ya juu panya walifukua mbegu, nimerudishia mara mbili, nikirudishia ya tatu nitawaalika wale moja kwa moja. Jirani yangu Evelina ameoza binti, nimekula pilau mpaka nikajionea haya. Mwambie baba yako aache kunitangaza dukani. Watu wanataka kitambaa, hawataki historia yangu.

Yatokanayo. Huyo Optatus wako amesomea wapi? Mtendaji na filimbi! Filimbi ile niliipuliza mimi. Nimemwona mama ana mtoto mgongoni akimwambia mwenyekiti wa kijiji, "Hujajibu, usikae," na mwenyekiti akabaki wima jua linamchoma mpaka akajibu. Kama hiyo si siasa, hao wenzako wanasoma nini huko? Usikubali kumezwa. Mkatalie mchana kweupe, watu wakiona.

Kuhusu daftari, sijui lilipo. Mchwa wa huku unawajua. Tuendelee na ajenda nyingine.

Mengineyo: niletee majani ya chai. Wanayouza hapa ni vumbi lililotiwa rangi. Bahasha na kifurushi mpe kondakta wa basi la asubuhi, yule mnene. Yule mwembamba husoma barua za watu.

Kikao kimefungwa.
Shangazi yako Batuli


Makole
9 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Ramadhani inayoingia. Majani ya chai ni hayo, nusu kilo. Usimpe Evelina yote.

Mchwa, shangazi? Wewe? Wewe uliyehifadhi stakabadhi ya baiskeli iliyokufa kabla sijazaliwa? Kumbukumbu zako zimo kwenye sanduku la bati, na juu ya sanduku kuna majivu ya kufukuzia mchwa, nimeyaona kwa macho yangu. Tafadhali fungua uangalie tena. Siombi kitu kikubwa.

Wiki jana Restuta, mwenzangu kundini, alikaa muda wa saa saba kwenye mkutano wa mtaa kule Ihumwa, hakunywa hata maji. Kwetu ni sheria: huruhusiwi kuandika neno juu ya mkutano ambao hukukaa ndani yake mpaka mwenyekiti afunge. Tunaandika nani kasema, baada ya nani, na nani aliinua mkono asipewe nafasi. Sheria hiyo niliitunga kwa sababu yako. Kijiji cha Tatu peke yake ndicho kilichoruhusiwa bila mtu wetu kukaa, kwa kuwa wewe ulikuwepo. Niliwaambia wenzangu, "Shangazi yangu alikuwepo, inatosha."

Dakta Optatus amekuja ofisini kwangu, tukanywa chai, akawa mpole ajabu. Mengine si ya kuandika.

Nasubiri daftari.

Shamimu


Makole
14 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Idd imepita, na umeila peke yako. Baba alikuwekea mguu wa mbuzi mpaka jioni, akawa anachungulia mlangoni kila pikipiki ikisimama. Mwezi na zaidi hujajibu. Nilimuuliza yule kondakta mnene, anasema umzima, alikuona ukimkemea mtu sokoni.

Kama nimekukosea, nipe kosa langu kwa maandishi. Umebaki mwezi mmoja.

Shamimu


Haneti
28 Aprili 2024

Mwanangu,

Leo sifungui kikao. Mguu wa mbuzi mwambie baba yako nimeupokea kwa moyo.

Daftari ninalo. Lilikuwa sandukuni siku zote na mchwa hawajaligusa. Liko ndani ya kifurushi hiki, chini ya karanga. Kabla hujalifungua, soma kwanza.

Siku ile ya Mei 2009 walikuja watu sitini na wanne. Niliwahesabu mara mbili. Wengine hawakuja kwa sababu walijua kilicholetwa, na kutokuja ndiyo ilikuwa njia yao ya kukataa. Mgeni wa zabibu alikuwa ameshafika na magari yake, na wakubwa waliomleta walikuwa wanatazama saa. Mwenyekiti alinivuta pembeni akasema, "Batuli, jaza. Mkutano ni wewe." Sikumbishia. Naandika tena usije ukadhani nilitishwa: sikumbishia. Nilikuwa natarajia kuhamishiwa kwenye kata yenye barabara.

Nilichukua rejista ya wakazi nikahamisha majina. Majina yalikuwa tayari, ila alama za dole gumba hazikuwepo. Nikafungua wino wa muhuri nikaweka vidole vyangu, vyote kumi, kwa zamu, vikikauka naanza upya. Ukiangalia vizuri utaona kidole changu cha shahada kina kovu la mundu. Kovu hilo limepiga kura zaidi ya mara thelathini. Nimeandika na marehemu wanne, maana rejista ilikuwa ya zamani na mimi nilikuwa na haraka.

Malisho yalikwenda. Familia tisa zilihama na ng'ombe wao, na mimi nikahamishiwa kwenye barabara. Halafu ukaja wewe na kalamu zako, binti wa kaka yangu, msomi, unaniuliza kwa macho makubwa jinsi kijiji kilivyokaa kutwa nzima kikijadiliana. Nilishindwa kukwambia. Nikakupa muhtasari. Miaka sita sasa nalala na hiyo makala yako chini ya mto, na naona haya kuisoma.

Lifiche au litoe, daftari ni lako. Lakini usije ukaniombea huruma kwa mtu yeyote.

Jambo moja na mimi niulize. Ile chai ya Optatus ilikuwa na sukari gani mpaka isiandikike?

Batuli


Makole
4 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo, kwa kuwa wewe bado ni shangazi yangu.

Nimekasirika. Nilitaka kupanda basi nije nikupigie kelele kwenye shamba lako la alizeti mpaka panya wahame. Miaka sita nimekutaja darasani! Wanafunzi wangu wanaandika kwenye mitihani juu ya watu 387. Nimelifungua daftari juu ya meza ya jikoni na kioo cha kukuzia cha Arafa cha shuleni, na nimeliona hilo kovu, ukurasa baada ya ukurasa. Nililia. Kisha nikajicheka, maana mjinga wa kwanza ni mimi. Nilitunga sheria ya kukaa mkutanoni, nikaivunja mwenyewe kwa kuwa ninakupenda.

Chai ya Optatus ilikuwa hivi: niliache kundi life bila kelele, na mimi nitakuwa makamu mwenyekiti wa kundi jipya. Sikukwambia kwa sababu sikumkatalia papo hapo. Nilisema nitafikiri. Basi hiyo ndiyo aibu yangu, weka karibu na yako.

Nimeshafikiri. Tarehe 18 sitalitetea kundi kwa makala ile. Nitaifuta kwa mdomo wangu mbele ya wote, niweke daftari mezani, niseme: mkutano wa kijiji ni siasa kiasi kwamba watu walilazimika kuubuni ili wachukue ardhi. Nani mwingine angeyajua haya, watu wa uchaguzi? Wakitaka kunicheka, wacheke. Restuta amelia, kisha akasema yuko nami. Wote kumi na wanne tuko pamoja.

Jina lako sitalitaja. Hilo ni lako, si langu. Ila njoo. Ukae nyuma tu.

Shamimu


Haneti
11 Mei 2024

Mwanangu,

Siji. Jumamosi hiyohiyo Kijiji cha Tatu wana mkutano wao mkuu, na nimeomba nafasi kwa mwenyekiti wa sasa. Ameniuliza ajenda yangu nini, nikamwambia ni masahihisho ya muhtasari wa mwaka 2009.

Kwa hiyo nirudishie daftari. Najua unalihitaji siku hiyohiyo. Najua bila lenyewe watakuona mzushi. Lakini wale waliomo humo ndani hawajawahi kuliona hata siku moja, na hao wenzako watakuwa wa pili. Nakuomba, sikuamrishi.

Jina langu litaje lote, la baba na la babu. Na Optatus mwambie akatafute makamu mwenyekiti kwingine.

Batuli


Makole
19 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Najua daftari lilikufika Ijumaa, kondakta mnene aliniletea neno. Mimi nilibaki na picha za simu, kurasa ishirini na mbili.

Tumefutwa. Naanza na hilo usije ukasoma barua yote na matumaini.

Nilisimama, nikaifuta makala. Nikarusha picha ukutani, kovu lako likawa kubwa kama mlango, nikataja jina lako lote. Optatus akainua mkono taratibu, akauliza daftari lenyewe liko wapi. Nikasema liko kwa wenyewe, linasomwa leo. Akatabasamu. "Picha si ushahidi," akasema, "na kundi ambalo makala yake ya msingi ni ya uongo halina msingi." Watu wakampigia makofi, shangazi. Watu niliokula nao.

Nikamwambia, "Makundi tisa, miaka yote hii. Nioneshe lingine moja lililosimama hapa likasema lilikosea. Moja tu!" Ndipo nilipotazama ukumbi kwa jicho lako nikaanza kuhesabu. Katiba ya Jumuiya inataka wanachama themanini. Tulikuwa hamsini na watatu. Nikamwomba mwenyekiti ahesabu. Akasema tuendelee kwa busara ya kikao. Restuta akaenda mpaka kwa katibu akamnyang'anya karatasi: muhtasari ulikuwa umeshachapwa tangu Alhamisi, na umeandikwa akidi ilitimia. Niliusoma kwa sauti. Wengine waliinamisha vichwa, mmoja akacheka vibaya. Wakapiga kura hivyohivyo. Thelathini na mmoja walikubali tufutwe, kumi na tisa walikataa, na watatu walijifanya wanatafuta simu.

Nilitoka. Sikuomba radhi kwa mtu. Katibu alinifuata koridoni akidai nikabidhi kumbukumbu za kundi, nikamwambia aniandikie barua, nami nitamjibu kwa barua. Umenifundisha ubaya wewe.

Wameniondoa pia kwenye jarida la Jumuiya. Mwanafunzi wangu mmoja ameshaambiwa achague msimamizi mwingine. Leo sina kundi, sina makala, na nimeamka mwepesi, ila moyo unaniuma. Kumi na wanne sisi tulikaa mkahawani mpaka mwenye mkahawa akaanza kuinua viti. Hatukukubaliana kitu. Optatus anasema wiki mbili hizi tutakuwa tumeshajiandikisha kwake mmoja mmoja.

Kwako ilikuwaje? Niandikie upesi. Safari hii usininyamazie.

Shamimu


Haneti
2 Juni 2024

Shamimu mwanangu,

Marahaba, na pole, na hongera, yote matatu kwa pamoja. Barua yako nimeisoma mara nne. Hapo penye "nioneshe lingine moja" nilipiga meza, chai ikamwagika.

Sasa sikiliza ya kwangu.

Nilifika mapema nikakaa na wanawake. Ilipofika zamu yangu nikasimama, nikawasalimu kwa Kigogo, "mbukwenyi", wakaitikia vizuri, wengi walifurahi kuniona mzee. Nikasema niliyoyasema. Sikuzungusha. Nilitoa vidole vyangu nikavionesha, na daftari nikalifungua juu ya meza ya mwenyekiti.

Hawakunisamehe. Usije ukadhani wazee walisimama wakanibariki. Mtu mmoja alinitukana kwa Kigogo tusi ambalo sijalisikia tangu niache kazi. Halafu akasimama Angelina, mjane mmoja pale kijijini, wala hakupaza sauti. Akasema, "Yasome. Yote. Umeyaandika peke yako, leo yasome tukiwepo."

Nikasoma majina mia tatu themanini na saba. Kila niliposoma, mwenye jina alijibu. "Sikuwepo." Nasoma jingine. "Sikuwepo." Waliohama walijibiwa na ndugu zao, waliokufa na watoto wao. Nilipofika kwa mume wa Angelina, akaniambia, "Huyu tulimzika Machi, wewe mwenyewe ulikuja. Mei umemwinua mkono. Soma tena." Nikasoma tena. Akajibu yeye, "Hakuwepo." Nikapewa maji, nikaambiwa endelea.

Jua lilitupiga, mwanangu, na goti lilinikomesha. Hakuondoka mtu. Wachungaji waliokuwa wanapita na ng'ombe walisimama, wakaketi. Waliosema "nilikuwepo" walikuwa hamsini na mmoja, na kumi na watatu walisemewa na ndugu zao "alikuwepo". Waliobaki wote ni "sikuwepo", na mtendaji wa sasa, kijana mmoja anaitwa Seth, aliandika kila jibu mbele ya kila jina. Mkono wake ulivimba. Nilimwambia vizuri, ndivyo mkutano unavyoandikwa.

Wameazimia kuyadai malisho. Wameunda kamati ya watu saba, Angelina ndiye mwenyekiti wake, na mimi nimeitwa shahidi wa kwanza popote watakapokwenda. Huenda nikashtakiwa. Mwambie baba yako apunguze kunisifia dukani, ila asiache kabisa.

Mkutano ujao ni Jumamosi tarehe 17 Agosti, saa tatu asubuhi. Walipofika kwenye waalikwa, mwenyekiti akaniuliza: wale watafiti wa mpwa wako uliotuambia, wanaokaaga mpaka kufunga, waje safari hii waandike kila kitu, na kundi lao tuliandikeje kwenye orodha ya waalikwa? Na bado lipo?

Barua yako ilikuwa haijanifika. Lakini leo ninayo hapa mezani, na jioni hii Seth amekuja kuhakikisha kabla hajanakili muhtasari safi. Ameuliza tena, kalamu mkononi, kama kundi bado lipo.

Nimemwambia lipo. Kaandika, kapiga muhuri.

Njooni wote kumi na wanne.

Batuli